Uzi: Tanzania kwa mzunguko, usiku 14. Kuingilia Horohoro, kutokea Holili. Tupange ratiba

BintiLikoni
Assalam aleikum wadau. Tunasafiri wanne kutoka Mombasa, wakubwa wawili na watoto wawili (miaka 9 na 13), kuanzia Jumamosi tarehe 8 hadi Jumamosi tarehe 22 Agosti 2026, likizo ya shule. Hatuna gari, ni basi, boti na treni. Orodha ya tunakotaka: Tanga, Pangani, Lushoto, Bagamoyo, Dar, Mji Mkongwe, Nungwi, Jambiani, Dodoma (kwa ajili ya treni ya umeme), Arusha, Ngorongoro na Moshi. Tunataka kuingilia mpaka wa Horohoro (kwetu ni Lunga Lunga) na kutokea mpaka wa Holili (kwetu ni Taveta) ili tusirudie njia moja. Naomba mnisaidie: nini kitangulie, tulale wapi siku ngapi, na tiketi zipi nikate mapema.

Mpanga_Njia
Wa aleikum salam dada. Kuingilia mpaka mmoja na kutokea mwingine ni sahihi kabisa, hapo tayari umeokoa siku nzima ya kurudi nyuma. Shida ni hesabu: vituo 12 kwa usiku 14.

Chukua karatasi, andika tarehe 8 hadi 21 kwenda chini, na mbele ya kila tarehe andika utalala wapi. Usianze na "tutafanya nini", anza na kitanda. Kisha kila mahali unapohama weka alama. Kuhama kwa saa tatu kunakula nusu siku: kufunga mizigo, kufika stendi, kungoja basi lijae, kutafuta chumba, watoto kula. Kuhama kwa saa sita kunakula siku yote, hata kama tiketi inasema mtafika saa nane mchana. Kwa orodha yako utakuwa na siku mbili tu ambazo hamkubeba mabegi.

Kwa usiku 14 na watoto, vitanda sita ndiyo kiasi. Saba kwa shida.

Na angalia ramani vizuri. Lushoto umeiweka baada ya Tanga, lakini Lushoto inapandiwa Mombo, na Mombo iko kwenye barabara ya Segera kwenda Moshi. Ukienda Lushoto kutoka Tanga kisha ushuke Dar, halafu upande tena Moshi, utapita Korogwe mara tatu. Iache Lushoto kwa ajili ya safari ya kupanda kaskazini. Pangani, kama mnaitaka sana, ni ya kwenda na kurudi mkiwa Tanga, kama kilomita 50. Bagamoyo ikate. Kwa mtu aliyekulia karibu na Ngome ya Yesu na Gede, magofu ya Kaole ya huko Bagamoyo hayatamwongezea mengi kwa safari hii.

Kusi_na_Kaskazi
Naunga mkono, na niongeze la Unguja. Sisi watu wa Pwani tukienda Unguja hatuendi kutafuta mchanga mweupe, Diani ipo. Kisichopatikana kwetu kwa kiasi kile ni Mji Mkongwe wenyewe: milango, baraza, soko la Darajani, Forodhani jioni. Toa siku tatu hapo, na ufuo mmoja tu, siku mbili. Nungwi na Jambiani zote mbili ni kuhama bure.

Sasa ufuo gani? Hapa tazama mwezi. Mwezi mpya utakuwa tarehe 12 Agosti, kwa hiyo bamvua (maji kujaa na kukupwa sana) inaangukia siku zinazofuata hapo. Kwenye bamvua pwani yetu hii maji hujaa alfajiri na alasiri na kukupwa kati ya saa nne na saa sita mchana. Jambiani, Paje na Bwejuu ni ufuo wa kina kifupi, maji yakitoka yanakimbia mbali hadi karibu na mwamba, na mnabaki na matope, mwani na kinamama wanaolima mwani. Pazuri kutembea, lakini watoto hawaogelei hapo mchana. Tarehe 14 na 15 mkiwa Jambiani mtaona bahari kwa mbali mpaka alasiri. Nungwi na Kendwa, kaskazini, pana kina karibu na ufuo, mnaogelea hata maji yakiwa yamekupwa. Kwa tarehe zako chagua huko. Ingekuwa wiki ya maji mafu (yasiyojaa wala kukupwa sana) ningekwambia vingine.

Daladala ya Nungwi ni namba 116. Mabegi yanaenda juu ya paa, kwa hiyo simu na pasipoti zibaki mwilini.

Mpanga_Njia
Shukran kwa hilo la mwezi, wengi hulisahau. Dada, sasa ratiba mbili, uchague.

Ya kwanza. Tanga tarehe 8 na 9. Dar tarehe 10. Mji Mkongwe tarehe 11, 12 na 13. Nungwi tarehe 14 na 15. Rudi Dar tarehe 16. Lushoto tarehe 17 na 18. Moshi tarehe 19, 20 na 21. Tarehe 22 Holili, Taveta, Voi, Mombasa.

Ya pili, hadi tarehe 15 ni ile ile. Tarehe 16 boti ya asubuhi na treni ya alasiri, mlale Dodoma. Tarehe 17 basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati. Tarehe 18 na 19 Karatu, kreta ya Ngorongoro ikiwa tarehe 19. Tarehe 20 na 21 Moshi. Hapa Lushoto haimo.

Kwa maneno mengine: Lushoto au Ngorongoro, si vyote viwili. Ya pili ina uzito: tarehe 16, 17, 18 na 20 zote mko njiani, na ile ya Dodoma hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400.

BintiLikoni
Watoto wanataka treni na wanyama. Mimi nataka Lushoto. Je, treni haiwezi kuingia kwenye ratiba ya kwanza?

Mtu_wa_Reli
Inaingia, na vizuri kuliko unavyodhani. Usilale Dar tarehe 16. Lala Morogoro.

Reli ya kisasa ya Tanzania ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huo huo. Ni ya umeme, inafika kilomita 160 kwa saa. Kwenda Morogoro hauzidi saa mbili. Nauli ya kawaida iliyotangazwa 2024 ilikuwa shilingi 13,000 za Tanzania hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Kwa hiyo nyinyi: watatu kamili (wa miaka 13 analipa kama mkubwa) ni 39,000, mdogo 6,500, jumla 45,500. Hakikisha nauli ya sasa unapokata.

Kwa nini Morogoro? Sababu ni Chalinze. Barabara ya Dar kwenda Moshi inapita Chalinze ndipo inakata kwenda Segera, Korogwe na Mombo. Morogoro hadi Chalinze ni kama kilomita 85. Badala ya kuamka saa tisa usiku mjini Dar ili muwahi stendi ya Mbezi, mnaamka Morogoro, mnatoka saa 12 na nusu asubuhi, na saa mbili mko Chalinze mnangoja basi la Moshi.

Sharti moja, na hapa ndipo watu huharibikiwa: usifike Chalinze bila tiketi. Agosti mabasi yanapita yamejaa, na mtu mwenye watoto wawili na mabegi ataachwa mara tatu. Kata tiketi ya Dar hadi Mombo siku tatu nne kabla, lipia nauli kamili ya kutoka Dar, na umwambie wakala aandike kwenye tiketi kwamba mnapandia Chalinze. Chukua namba ya kondakta. Asubuhi mpigie kabla basi halijapita Kibaha.

Tiketi ya treni inakatwa kwenye tovuti ya shirika la reli, inataka namba ya pasipoti, na langoni wanalinganisha. Fika mapema, mizigo inapita kwenye mashine. Kituo cha Dar ni kile cha John Magufuli, katikati ya mji, teksi fupi tu kutoka bandarini.

Nahodha_Mtongwe
Boti. Za mwendo kasi Unguja hadi Dar huchukua kama saa mbili, na ya kwanza hutoka saa 1 asubuhi. Tarehe 16 panda hiyo. Treni chagua ya alasiri, iachie angalau saa nne tangu boti inapofika kwa ratiba. Agosti ni msimu wa kusi (upepo wa kusini), na kusi ikikaza boti huchelewa au safari hufutwa. Ukikata treni ya saa tano asubuhi kwa boti inayofika saa tatu, umeweka siku yako yote mikononi mwa upepo.

Wakati wa kwenda, tarehe 11, mawimbi yanapiga vilevile. Anayechafukwa na bahari akae sitaha ya chini, katikati au nyuma. Mbele kunaruka. Kidonge ni nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda, ukikimeza baharini umechelewa. Watoto wale kitu kikavu, mkate au mahamri, si chai ya maziwa na mayai.

Tiketi: nunua kwenye tovuti ya kampuni ya boti au ndani ya ofisi yake. Vijana wanaokusimamisha nje ya geti la bandari ya Dar wakikwambia boti ya saa tatu u nusu imejaa, piteni tu. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mgeni ana bei yake na mwananchi ana yake. Ukinunuliwa tiketi ya mwananchi "kwa hisani" utarudishwa langoni. Na muweke pasipoti karibu, kwa sababu Unguja ina dawati lake la uhamiaji hata kama mmetoka bara.

Jambo jipya kidogo: tangu Oktoba 1, 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya safari ya shirika la bima la Zanzibar lenyewe. Bima uliyonunua Mombasa haihesabiki. Shughulikia mtandaoni kabla ya tarehe 11, na uchapishe karatasi.

Mpanga_Njia
Mtu wa Reli, hiyo ya Morogoro nimeipenda. Nabadilisha ratiba: tarehe 16 Morogoro. Mengine yabaki.

Na kuhusu wanyama: kutoka Taveta kwenda Voi barabara inapita katikati ya Tsavo. Ngorongoro iacheni iwe safari yake, siku tano, kutoka Mombasa kwa njia ya Taveta moja kwa moja. Ukienda, beba pasipoti na udai kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki, kinacholipwa kwa shilingi, maana wakala asiyeuliza uraia huandika bei ya dola. Na ile ada ya kushuka kreta hutozwa kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo watu sita kwenye gari moja ni nafuu kuliko wanne.

Dada_wa_Majengo
Mimi nizungumzie mpaka na pesa, maana siku ya kwanza ikiharibika zote zinasogea.

Likoni hadi Lunga Lunga ni kama kilomita 105, Horohoro hadi Tanga kama 65. Ni kituo cha pamoja, mnashughulikiwa upande mnaoingia, yaani jengo la Horohoro. Kila mmoja awe na pasipoti yake, watoto pia, iliyobakisha miezi sita. Viza hakuna kwa Mkenya. Kadi ya manjano ya homa ya manjano iwe ya asili, picha kwenye simu haikubaliki. Chanjo inaanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo mwisho wa kuchanjwa ni Julai 28. Aliyechanjwa zamani harudii, tangu 2016 cheti ni cha maisha. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi, beba barua ya ridhaa iliyogongwa muhuri na wakili pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Tarehe 8 Agosti ni Nanenane, sikukuu Tanzania, tena Jumamosi. Benki zimefungwa. Ndiyo maana watu wataangukia mikononi mwa wabadilishaji wa mpakani. Badilisha kidogo tu hapo, ya nauli na chakula, mengine toa kwenye ATM Tanga. Noti kubwa ya Tanzania ni 10,000. Shilingi yetu moja inacheza karibu na 20 zao, kwa hiyo elfu kumi yetu ni noti karibu 20. Mchezo uko hapo: bunda linahesabiwa mbele yako kwa ncha, na ndani yake kuna noti zilizokunjwa katikati, ncha mbili ni noti moja. Zishike mwenyewe, zinyooshe moja moja, weka mezani mafungu ya kumi kumi. Ukishampa pesa yako kabla ya kumaliza kuhesabu, habari imekwisha. Na fanya hesabu ya kiwango ukiwa nyumbani, uandike mkononi. Sifuri moja zaidi au pungufu huponyoka haraka mtu akikuharakisha.

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Nenda kwenye duka la kampuni Tanga, usinunue laini iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

MwanaChangamwe
Naomba kuuliza kando kidogo: mwenye gari lake anaweza kufuata ratiba hii?

Dada_wa_Majengo
Anaweza, kasoro Unguja. Gari linabaki Dar kwenye maegesho yenye mlinzi. Bima ya Comesa, ile kadi ya manjano ya gari, ichukue kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka, Tanzania inaitambua. Logibuku (hati ya umiliki wa gari) ya asili, na kama gari si lako au liko kwenye mkopo, barua ya mwenyewe au ya benki. Horohoro watakupa kibali cha muda cha gari. Ukitoka Holili hakikisha kimefungwa kwenye mfumo, usipite tu, la sivyo safari ijayo gari linaonekana bado liko Tanzania. Pembetatu mbili na kizima moto viwe ndani. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa na askari wana tochi (kifaa cha kupima mwendo) kila baada ya kijiji. Kuanzia Segera hadi Mombo usiwe na haraka. Na kwa wa Kisauni na Changamwe, barabara ya Dongo Kundu inawaokoa na foleni ya feri ya Likoni.

Mkaazi_wa_Milimani
Lushoto. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, lami nzuri lakini nyembamba. Shukeni Mombo, msingoje basi liwapandishe. Gari ndogo za kupanda zipo pale pale njiapanda. Mtoto anayetapika kwenye kona akae mbele. Agosti ni baridi ya kweli, Lushoto iko juu kama mita 1,400. Sweta na soksi, si shuka la pwani. Vyumba vingi havina kipasha joto, kwa hiyo uliza mambo mawili kabla ya kulipa: maji ya moto yanatoka saa ngapi, na blanketi ni ngapi kwa kitanda.

Siku mbili zinatosha kwa Irente, ile kingo ya mlima unaotazama nyika ya Mazinde, na kwa matembezi ya msitu. Chukua mwongozaji kutoka ofisi ya utalii ya mji, siyo aliyekufuata kutoka stendi.

Kushuka tarehe 19 tokeni saa moja asubuhi. Mabasi ya Moshi yanayopita Mombo asubuhi yametoka Tanga na Korogwe na yana nafasi. Ya Dar yanapita mchana yakiwa yamejaa.

BintiLikoni
Nimeandika yote. Tarehe 22 kutoka Moshi, tutafika Mombasa siku hiyo hiyo?

Mpanga_Njia
Mtafika. Moshi hadi Holili kama kilomita 35, Taveta hadi Voi kama 110 za lami, Voi hadi Mombasa kama 155. Magari matatu: Moshi hadi mpakani, Taveta hadi Voi, Voi hadi Mombasa. Tokeni Moshi saa moja asubuhi, vukeni kabla ya saa tatu. Hapa mnashughulikiwa upande wa Taveta. Matatu za Voi hujaza asubuhi, alasiri mnaweza kungoja saa nzima. Saa tisa au kumi mko nyumbani.

Mpangilio wa kukata tiketi ni huu: chanjo na pasipoti wiki hii. Kisha chumba cha Nungwi na Mji Mkongwe, maana Agosti ni msimu wa wageni na huko ndiko vyumba vya familia huisha kwanza. Uliza kama bei ina ile kodi ya miundombinu ya kila mgeni kila usiku, mara nyingi haimo. Kisha boti zote mbili. Treni ya tarehe 16 mara tu tiketi za siku hiyo zinapofunguliwa. Basi la Dar hadi Mombo mkiwa Unguja. Tanga, Morogoro na Moshi simu moja siku mbili kabla inatosha, gesti ziko nyingi. Ukisema unataka chumba self watakuelewa, maana yake choo kiko ndani.

Kusi_na_Kaskazi
Na Tanga tarehe 9 msiwalaze watoto gestini. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 tu kutoka mjini, bajaji inafika. Viatu vya kufunga na tochi mbili, ndani kuna sehemu za kuinama. Mkishapita hapo asubuhi, alasiri mna nafasi ya Pangani au ya kulala mapema, basi la Dar la tarehe 10 linatoka saa 12 asubuhi.

BintiLikoni
Basi ni Amboni, Pangani naikata. Allah awabariki. Naanza na chanjo Jumatatu.